Risala kwa Mgeni Rasmi: Ramani ya Kanda za Nyumba, Ruzuku za Jimbo na Bomba la Majitaka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mjumbe wa Bodi ya Mipango ya Mji,
Wazee wetu na viongozi wa dini,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Itifaki imezingatiwa. Kikundi chetu cha wapangaji na wenye nyumba wazungumzao Kiswahili hapa Massachusetts kinakushukuru kwa kuja. Kwa kuwa Kiswahili unakisikia, hatutakuchosha kwa sifa. Tunaomba kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo bodi yako italitolea maoni: ramani ya eneo la nyumba za familia nyingi, pamoja na ruzuku za jimbo zinazoifuata ramani hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Kifungu cha 3A cha sheria ya kanda za matumizi ya ardhi kilitiwa saini na Gavana Charlie Baker Januari 2021. Kinaihusu miji 177 inayohudumiwa na shirika la usafiri la MBTA au inayopakana na miji hiyo. Kila mji unatakiwa kuwa na angalau eneo moja ambamo majengo ya familia tatu au zaidi yanaruhusiwa kwa haki, maana yake mwenye kiwanja akitimiza vipimo haombi kibali maalumu. Msongamano usipungue nyumba 15 kwa ekari, na ni marufuku kulitenga eneo hilo kwa wazee peke yao. Kiwango cha uwezo, yaani idadi ya nyumba ambazo kanuni za eneo hilo zingeruhusu, hutofautiana: miji yenye reli ya mjini asilimia 25 ya nyumba zilizopo, yenye treni ya abiria wa mbali asilimia 15, inayopakana asilimia 10, na miji midogo inayopakana asilimia 5.

Asilimia hizo ndizo zinazozua kelele mikutanoni. Mtu akisikia asilimia 5 huona magorofa yanaota kesho yake. Kinachohesabiwa ni uwezo wa eneo kwenye karatasi: lau ardhi hiyo ingekuwa tupu, kanuni za mji zingeruhusu nyumba ngapi? Hakuna anayelazimishwa kujenga, wala anayebomolewa. Mji mdogo wenye nyumba 3,000 unatakiwa kuonyesha uwezo wa nyumba 150. Kwa msongamano wa chini kabisa, hizo ni ekari 10 tu.

Mji usiotimiza hukosa sifa ya kupata fedha za mifuko ya ruzuku ya jimbo: MassWorks, HousingWorks, Housing Choice na Mfuko wa Miradi ya Maendeleo wa serikali za mitaa. Kwa muda mrefu wapo waliosema, basi, tukose ruzuku na yaishe. Mji wa Milton, kusini mwa Boston, ulijaribu njia hiyo. Wajumbe wa Mkutano wa Mji, chombo kinachopitisha sheria ndogo za mji, walipitisha kanda mpya Desemba 2023, lakini wapigakura wakaifuta tarehe 14 Februari 2024 kwa takriban asilimia 54. Siku chache baadaye jimbo liliondoa ruzuku ya dola 140,800 iliyokuwa ya ukuta wa bahari, na Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Andrea Campbell, akaushtaki mji. Tarehe 8 Januari 2025 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliamua kwamba sheria ni halali na Mwanasheria Mkuu anaweza kuisimamia kwa kesi. Kukosa ruzuku, basi, si bei ambayo mji unaweza kuilipa ukaachwa.

Lakini hukumu hiyo hiyo ilisema miongozo ya jimbo ya kuitekeleza sheria hiyo haikuwa na nguvu, kwa sababu haikutungwa kwa utaratibu wa kutunga kanuni. Jimbo likatoa kanuni za dharura mwezi ule ule na kuipa miji iliyochelewa hadi Julai 14, 2025. Milton wenyewe walipitisha kanda inayokubalika Juni mwaka huo. Tunalitaja hili kwa sababu bado wapo wanaonukuu nusu moja ya hukumu na kuiacha nyingine, kila mmoja nusu inayomfaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa mji mdogo usio na mtandao wa majitaka, tatizo kubwa liko chini ya ardhi. Kifungu cha 3A hakiondoi kanuni za mazingira. Kanuni ya jimbo ya majitaka iitwayo Title 5 hukadiria galoni 110 kwa siku kwa kila chumba cha kulala. Mfumo wa tangi na mitaro ya kupenyeza maji ardhini unaruhusiwa kwa kanuni hiyo ikiwa makadirio yako chini ya galoni 10,000 kwa siku. Gawanya: ni vyumba 90, sawa na nyumba 45 za vyumba viwili. Kuanzia hapo mjenzi anahitaji kibali cha kumwaga maji ardhini na mtambo wa kusafisha. Kwenye maeneo yanayolisha visima vya mji kikomo ni kikali zaidi: galoni 440 kwa futi za mraba 40,000, ambayo ni pungufu kidogo ya ekari. Hiyo ni vyumba vinne. Weka ramani ya nyumba 15 kwa ekari juu ya eneo la namna hiyo na utakuwa umepitisha kanda ambayo, pasipo mtambo, haitazaa hata jengo moja la familia nne zenye watoto kwa kila ekari.

Na fedha za kuvuta bomba la majitaka hutoka wapi? MassWorks ni mojawapo ya mifuko inayogharimia barabara, maji na majitaka. Mji ukikataa ramani unaupoteza mfuko ambao ungeifanya ramani iwe na maana, kisha mwaka unaofuata tunaambiwa nyumba haziwezi kujengwa kwa sababu bomba hakuna.

Ipo pia hila ya kutimiza sheria bila kubadili chochote. Miji mingine huchora eneo juu ya majengo ya ghorofa yaliyopo, ambayo hakuna mwenye akili atakayeyabomoa. Hesabu inapita na ruzuku inabaki, lakini nyumba mpya hazipatikani. Njia nyingine ni maegesho. Nafasi moja ya gari pamoja na njia ya kugeuzia hula futi za mraba 300 hadi 350. Ukidai nafasi mbili kwa kila nyumba, nyumba 15 zinamega hadi futi 10,500 kati ya 43,560 za ekari nzima, karibu robo, kabla ya mlango wa kwanza kuwekwa.

Maombi yetu ni haya. Kwanza, bodi ichague viwanja vinavyofikiwa na maji na bomba, au vinavyoweza kufikiwa kwa ombi moja la MassWorks, na ombi hilo lianze kuandaliwa sambamba na ramani. Pili, maegesho yashuke hadi nafasi moja kwa nyumba. Tatu, mji utumie ruhusa ya kudai asilimia 10 ya nyumba ziwe za bei nafuu. Kipimo cha nafuu ni kaya yenye asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo. Kwa mhudumu wa wazee bado kodi hiyo ni nzito, lakini kuvuka asilimia 10 kunahitaji uchambuzi wa kiuchumi, na tusingependa ramani ikwame hapo.

Ombi la mwisho ni la tangazo. Sheria inataka kikao cha hadhara kitangazwe gazetini kwa wiki mbili mfululizo, tangazo la kwanza likitangulia kikao kwa siku 14 au zaidi. Watu wetu hawasomi gazeti hilo. Muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ubandikwe maktaba, msikitini, makanisani na kwenye maduka ya vyakula vya nyumbani, unatosha. Kuutafsiri tutaufanya sisi bila malipo. Kwenye kikao cha bodi mpangaji na asiye raia wanaweza kusema. Kura kwenye Mkutano wa Mji ni ya aliyejiandikisha, angalau siku 10 kabla, na kwa kanda za aina hii sasa wingi wa kawaida unatosha badala ya theluthi mbili.

Kura ikianguka, pendekezo lile lile haliwezi kurudi kwa miaka miwili isipokuwa bodi yako ilipendekeze. Ndiyo maana tumekuomba wewe leo, kabla ya tangazo kutoka.

Tunaomba kuwasilisha.