Mwanangu, saa ni ya meli

Mombasa, Juni 2019

Mwanangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, ila goti la mamako, nalo walijua. Ujumbe wako umefika, kwamba Julai wapanda meli ya watalii huko Ujerumani, muende Norwei, kisha siku moja mshuke Murmansk, bandari ya Urusi. Idi imepita bila wewe kwa kuwa likizo haikupatikana. Ya kwenda Urusi imepatikana. Haya, hilo tuliache.

Linalonikosesha usingizi ni saa ya kurudi melini. Wewe huna viza ya Urusi. Abiria asiye na viza hushuka na msafara wa meli na hurudi na msafara huo huo. Huyo rafiki yako asikudanganye mchepuke kidogo mkatafute wale wanasesere wa mbao wanaoingia mmoja ndani ya mwingine. Meli si matatu, useme utangoja nyingine.

Mimi nimefunga na kufungua kamba za meli Kilindini hadi kustaafu. Gati ina muda wake, rubani wa meli ana muda wake, na maji yana muda wake. Hiyo ghuba ya Kola, ya kuingilia Murmansk, maji yake hupanda hadi mita nne, kama bamvua la hapa kwetu. Yule mzee wa Kizungu aliyekuja mbio na mfuko wa vinyago, mkewe akipiga kelele juu ya sitaha, kamba ya mwisho nilikuwa nayo mimi. Niliamriwa niachie, nikaachia. Kazi ni kazi. Mamako hudai tangu siku ile ndipo nilipoanza kuwatesa kwa kuwafikisha stesheni kabla hata basi halijaoshwa.

Na jua usilitegemee. Tangu mwisho wa Mei hadi kama tarehe 22 Julai, Murmansk jua halitui. Hapa likizama twajua saa kumi na mbili na nusu imefika. Huko utatazama juu udhani bado alasiri, kumbe watu wamelala. Swala nimemuuliza mwalimu msikitini, kasema ufuate ratiba ya mji wa karibu wenye usiku. Halafu kuna hili la saa zenyewe: Murmansk wafuata saa ya Moscow, ambayo ni sawa na yetu ya Mombasa, na Norwei wakati wa kiangazi wako nyuma kwa saa moja. Simu yako ikibaki na saa ya Norwei, na nahodha ashasogeza ya meli, utakuwa umechelewa saa nzima nawe wanywa chai. Kabla ya kushuka muulize mhudumu saa ya meli. Hiyo ndiyo uifuate.

Ukitaka cha kutazama, tazama meli ya Lenin, ya kuvunja barafu. Iliingia kazini 1959, meli ya kwanza ya juu ya maji duniani kwenda kwa nguvu za nyuklia, ikapumzishwa 1989, na sasa ni makumbusho. Imefungwa kamba hapo hapo kwenye gati ya abiria, huna haja ya kwenda mbali. Wakiwapeleka mlimani kwa yule askari wa zege wa vita ya pili ya dunia, wanayemwita Alyosha, ana zaidi ya mita thelathini, basi piga picha upesi urudi garini. Babu yako alikwenda Burma kwenye vita hiyo hiyo, hana hata kibao. Lakini bandari ile ya Murmansk, wallahi, ningependa kuiona. Iko kaskazini kupita bandari ya Arkhangelsk inayoganda, na yenyewe haigandi, sababu ya mkondo wa maji moto kutoka Atlantiki. Ndiyo maana Warusi walijenga mji hapo 1916, katikati ya vita ya kwanza ya dunia. Niliwaeleza wazee wa barazani kwamba binti yangu aenda kuikanyaga. Mmoja akasema naongeza chumvi. Niletee picha ya gati, boladi za kufungia kamba zionekane. Ila mkipita Severomorsk, mji wa wanamaji uliofungwa kwa wageni, kamera uitie mfukoni.

Ile pesa ya karo ya mdogo wako imefika. Nusu imekwenda kwenye pampu ya kisima, mamako asingeweza kuteka na goti lile. Karo italipwa, nimeshazungumza na mwalimu mkuu, usimpigie. Mwembe wa nyuma umeangukia ukuta wa jirani naye ananuna. Shangazi yako aulizia sweta uliloahidi.

Chukua koti zito hata wakikwambia ni kiangazi. Pasipoti iweke mwilini, si kwenye mkoba. Ukishapanda meli nipigie papo hapo, hata kama hujavua viatu, na usinitumie mambo ya alama za kucheka. Nataka sauti.

Babako