Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Afya Zetu Kazini

Ndugu wanachama,

Hesabu za michango, mikopo na rambirambi atawasomea mweka hazina. Mimi naomba nizungumzie jambo lililoishughulisha kamati mwaka mzima: kwa nini wengi wetu hatujitokezi hata huduma ya afya inapoletwa mlangoni.

Kwenye bonanza fulana huisha mapema na uwanja hujaa. Meza ya kupima presha na sukari ndiyo inayobaki na watu wale wale, ambao tayari wanajua hali zao. Kamati ilipita idara kwa idara kuuliza sababu, na jibu lililorudiwa zaidi lilikuwa hofu. Meza ilikuwa ukumbini, mhudumu anasoma namba kwa sauti, na aliye nyuma kwenye foleni anasikia kila kitu. Dereva mmoja alituuliza kama akikutwa na presha atanyang'anywa gari.

Swali lile lilistahili jibu la vitendo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini haitamfaa kitu mtu ambaye majibu yake yameshatangazwa ukumbini. Upimaji sasa unafanyika katika chumba kidogo cha mikutano, mtu mmoja mmoja, mlango umefungwa. Majibu yanaandikwa kwenye kadi anayoondoka nayo mwenyewe, na hakuna nakala inayokwenda utumishi wala kwa kamati. Ndiyo maana taarifa hii haina orodha ya nani ana nini, na haitakuwa nayo kamwe. Tangu tuhamie pale tumeanza kuona sura mpya, madereva wakiwamo.

Kulikuwa na pendekezo kwamba wakuu wa idara waweke daftari la mahudhurio ya mazoezi. Tulilikataa. Mtu akija kwa kumwogopa bosi, siku bosi akiwa safarini hatakuja.

Kikwazo kingine ni muda. Mazoezi ya saa kumi na moja jioni hayamfai anayekwenda Chanika au Mbagala na mtoto anamsubiri kwa jirani. Tunaushukuru uongozi kwa kukubali nusu saa kila Jumatano ndani ya saa za kazi. Wengi mnakumbuka kampeni ya mazoezi ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi, iliyozinduliwa mwaka 2016 na Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais. Ni utaratibu mzuri, ila Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, kwa hiyo Jumamosi moja kwa mwezi haitoshi. Kutembea kwa haraka nako kunahesabiwa. Kushuka kituo kimoja kabla ya chako ni mwanzo mzuri.

Kantini nako kumebadilika. Mama lishe wetu ameondoa vikopo vya chumvi mezani na sasa mchicha haukosekani kwenye sahani. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani hata kijiko cha chai hakijai, na humo imo pia ile iliyokwisha kuwekwa jikoni.

Walinzi wa zamu ya usiku bado hawajafikiwa, na hili linaniuma. Wanakesha wakitulinda, kisha wanaondoka asubuhi kabla mpimaji hajafika. Naomba mkutano huu uidhinishe mambo mawili: sehemu ya fedha za fulana inunue mashine za kupimia presha, na mhudumu alipwe kufika saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa kubadilishana zamu. Kila idara pia ichague mhamasishaji wake, asiwe mkuu wa idara. Majina yapokelewe na katibu leo kabla hatujaachana.