Ahsante, dada wa daftari la Kisauni

Dadetu uliyetuachia daftari la marudio ya afya ya jamii pale Kisauni bila kuandika jina, ahsante sana. Ukurasa wa hesabu za magonjwa ndio uliotufaa zaidi: wagonjwa wapya hugawanywa kwa watu walio hatarini kuugua, wagonjwa wote, wapya na wa zamani, kwa idadi nzima ya watu. Ukikosea namba ya kugawia, alama za mtihani zimekwenda na maji. Mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali. Chanjo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ya pentavalenti, ile ya kukinga magonjwa matano kwa pamoja, ikishaganda haifai, hata ikiyeyuka. Ziara za nyumbani: kichanga kwanza, mwenye kifua kikuu mwisho, usije ukambebea kichanga maradhi. Mwandiko wako tu ndio wataka miwani! Mola akuzidishie.