Barua kwa mwanangu aliye Alabama

Mwanangu Salim,

Assalamu alaikum. Ama baada ya salamu, sisi huku Kisauni hatujambo, dada yako amejifungua salama mtoto wa kike, na goti la baba yako limepata nafuu tangu mvua zikatike. Picha uliyopigwa Montgomery imenifikia, nami nimeikuza kwenye simu mpaka nikaliona vizuri lile bamba lililo nyuma yako, la Rosa Parks, aliyekataa kumwachia mzungu kiti cha basi mwaka 1955. Chini yake umeniandikia hivi: "Mama, hapa ndipo yule bibi alipochoka akakataa kusimama, na sheria ikabadilika." Maneno hayo yameninyima raha wiki nzima, na kwa kuwa jibu langu ni refu kuliko linavyoweza kukaa katika ujumbe wa simu, nimeona heri nikuandikie barua.

Kazi yangu unaijua. Nilianza kwa kuuza mahamri na mbaazi stendini, kisha nikawa karani wa chama cha matatu kwa miaka 19, nikiandika katika daftari gari gani limetoka saa ngapi, limebeba wangapi, na limerudi na shilingi ngapi. Ndiyo maana nikisoma habari za Montgomery, naziachia hotuba wenye kuzipenda, nami naanza na nauli.

Nauli ya basi mjini humo mwaka 1955 ilikuwa senti 10, na mtu mweusi aliilipa sawasawa na mzungu. Alipanda kwa mlango wa mbele, akamlipa dereva, kisha akalazimika kushuka, kuzunguka nje, na kupanda tena kwa mlango wa nyuma. Mara nyingine, kabla hajaufikia mlango huo, dereva aliondoa gari na kumwacha barabarani huku senti zake zikienda. Niliwahi kuona kondakta mmoja hapa kwetu akimfanyia vivyo hivyo mzee mwenye gunia la nazi, na yule mzee alikuja dirishani kwangu akitetemeka kwa hasira, nikamrudishia pesa zake kutoka katika kasha. Montgomery hapakuwa na dirisha la kuendea. Dereva alikuwa amepewa na sheria za mji mamlaka ya polisi ndani ya basi lake, na wengine walibeba bastola.

Basi lenyewe lilikuwa na viti 36. Vile 10 vya mbele vilikuwa vya wazungu hata kama hapakuwa na mzungu hata mmoja garini, kwa hiyo mama aliyetoka kufua nguo za watu kutwa nzima alisimama akivitazama viti vitupu. Vya nyuma vilikuwa vya weusi. Vya katikati ndivyo vilivyokuwa na fitina, kwa sababu mweusi aliruhusiwa kuvikalia mpaka wazungu wazidi, hapo dereva akaisogeza nyuma alama ya mpaka. Na kwa vile mweusi na mzungu hawakuruhusiwa kukaa safu moja hata kama njia ya katikati iliwatenganisha, mzungu mmoja aliyekosa kiti alitosha kuwasimamisha watu wanne.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa jioni ya Alhamisi, tarehe 1 Desemba. Watatu waliinuka, Rosa Parks hakuinuka, akakamatwa. Alikuwa na umri wa miaka 42, fundi wa kushona katika duka kubwa la nguo, na wewe umemwita bibi kana kwamba alikuwa kikongwe anayeumwa miguu. Kuchoka kulikuwapo, lakini mwenyewe alieleza baadaye kwamba alichoka kukubali kuonewa. Tena alikuwa katibu wa tawi la NAACP mjini humo, chama cha kutetea haki za weusi, na kiangazi kile kile alikuwa amesafiri hadi Tennessee kuhudhuria mafunzo ya namna ya kuuondoa utengano wa rangi. Dereva yule, James Blake, Parks alimfahamu pia: mwaka 1943 Blake alimshusha garini kwa sababu Parks alikataa kuzunguka kwenda mlango wa nyuma. Miaka 12, mwanangu, halafu watu wanasema ni uchovu wa siku moja.

Wala hakuwa wa kwanza mwaka ule. Tarehe 2 Machi, miezi tisa kabla yake, msichana wa shule wa miaka 15 aitwaye Claudette Colvin alikataa vile vile, akaburutwa na polisi na kufungwa pingu. Oktoba akakamatwa Mary Louise Smith, mwenye miaka 18. Wakubwa wa harakati walimtazama Claudette wakaona ni mdogo, ni wa mtaa wa kimaskini, na baada ya muda akapata mimba, wakahofia kwamba magazeti yangemchafua yeye na kesi pamoja naye. Naelewa hesabu yao, maana nami nimekaa katika kamati na ninajua jinsi watu wanavyotafuta uso wa kutanguliza mbele. Hata hivyo nikimfikiria mtoto yule anarudi darasani na wenzake wanamkwepa, siwezi kuwasifu kwa hilo. Mahakama iliamuru kumbukumbu ya kukamatwa kwake ifutwe mwaka 2021, akiwa na miaka 82.

Sasa nikueleze usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao hauna bamba katika picha yako. Jo Ann Robinson alikuwa mwalimu katika chuo cha weusi na kiongozi wa Baraza la Kisiasa la Wanawake. Mei 1954 alikuwa amekwisha kumwandikia meya Gayle kumwonya kwamba watu wangeweza kuyasusia mabasi. Alipopata habari za Parks, aliingia chuoni usiku pamoja na mwalimu mwenzake na wanafunzi wawili, wakatumia mashine ya kudurufu mpaka alfajiri, wakachapa makumi ya maelfu ya vikaratasi vyenye ujumbe mfupi: Jumatatu usipande basi. Karatasi zilikuwa za chuo cha serikali, na angeweza kupoteza kazi. Asubuhi wanawake wa baraza lake walizigawa shuleni, madukani na katika saluni. Mchungaji Martin Luther King, kijana wa miaka 26, alikuwa bado hajachaguliwa kuongoza kususia huko; alichaguliwa Jumatatu hiyo, mabasi yakiwa yamezunguka kutwa nzima karibu matupu, na usiku maelfu wakakusanyika katika kanisa la Holt Street na kukubaliana kuendelea.

Hapo pa kuendelea ndipo ninapotaka usimame nami. Kususia kwa siku moja hata sisi tumekuona. Matatu zikigoma hapa siku mbili, siku ya kwanza watu wanatembea kutoka Bamburi hadi mjini wakicheka, siku ya pili wanatukana, na ya tatu mwenye gari anaanza kupakia kwa kificho nauli ikiwa maradufu. Weusi walikuwa kama robo tatu ya abiria wa mabasi ya Montgomery, watu kama 40,000, wengi wao wanawake waliofanya kazi za ndani upande wa pili wa mji, na kwa mwajiri kuchelewa ni kuchelewa tu. Utawapelekaje watu wote hao kazini asubuhi na kuwarudisha jioni, kila siku, bila basi?

Kwanza teksi za weusi ziliwabeba kwa senti 10 zile zile. Serikali ya mji ikafufua sheria iliyoweka nauli ya teksi isiyopungua senti 45, njia hiyo ikazibwa. King akampigia simu mchungaji Jemison wa Baton Rouge, ambako weusi walikuwa wamesusia mabasi kwa siku chache Juni 1953, akaelezwa namna ya kupanga magari ya watu binafsi. Kamati ya usafiri, chini ya Rufus Lewis, ikakusanya magari yapatayo 300 na kuweka vituo zaidi ya 40 vya kupakia asubuhi, na vingine vya kuwarudisha watu jioni. Katikati ya mji palikuwa na uwanja wa kuegesha magari ulio mali ya mweusi, nao ndio uliokuwa stendi kuu, ambapo mpangaji alisimama akigawa magari kwa njia. Mwanangu, nimemwona mtu huyo. Namjua anavyoshika karatasi yake, anavyoita, anavyomkatalia dereva anayetaka njia fupi. Wamsifuo King hawamtaji, wala jina lake mimi silijui, lakini siku yeye angeumwa, watu elfu kadhaa wangepanda basi.

Makanisa yakanunua magari ya abiria, jina la kanisa likaandikwa ubavuni. Polisi nao wakayafuata kila kona. Jo Ann Robinson alipigwa faini za barabarani mara nyingi, na King mwenyewe alikamatwa tarehe 26 Januari 1956 kwa kwenda maili 30 kwa saa pahali pa maili 25, akatiwa rumande. (Nilipoyasoma hayo nilimwita baba yako aje asikie, tukacheka sana, maana askari wa barabarani ni yule yule popote.) Kisha kampuni za bima zikafuta bima za magari ya makanisa, na hili kwangu ndilo lililokuwa pigo kubwa kuliko bomu lililotupwa nyumbani kwa King tarehe 30 Januari, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Bomu liliwakasirisha watu na kuwaunganisha, ilhali gari lisilo na bima halitoki stendini. Wakala mmoja mweusi wa Atlanta, T. M. Alexander, aliwatafutia bima kwa Lloyd's, London, ng'ambo ya bahari kabisa.

Petroli, mishahara ya madereva na tairi zililipwa kwa michango. Mikutano ya makanisani ilifanyika Jumatatu na Alhamisi, na hapo ndipo nilipokutana na mwanamke niliyempenda kuliko wote. Georgia Gilmore alikuwa mpishi katika mkahawa. King aliposhtakiwa kwa kuongoza kususia huko, Georgia alitoa ushahidi mahakamani juu ya dereva aliyepokea nauli yake, akamwamuru azunguke nyuma, kisha akaondoka, na kazi yake ya mkahawani akaipoteza. Akageuza jiko lake la nyumbani kuwa kazi. Yeye na wanawake wenzake walipika kuku wa kukaanga, samaki na keki, wakauza katika saluni na majumbani, na wateja weupe wakiwamo. Kila mkutano alisimama akaweka pesa mezani. Akiulizwa zimetoka wapi, alijibu kwamba hazikutoka kokote, na kikundi chao kikaitwa hivyo hivyo, Klabu ya Kusikojulikana, ili asijulikane aliyechangia akafukuzwa kazi. Wanawake wa mtaa mwingine, wakiongozwa na Inez Ricks, walianzisha kikundi chao kushindana naye kwa kiasi, na mkutano mzima ulisubiri kusikia nani ameshinda wiki hiyo. Ungewaona mama zako wa chama cha akiba ungejua jambo hilo lilivyokuwa tamu.

Hayo yote yaliwawezesha watu kukaa nje ya mabasi kwa siku 381. Sheria yenyewe ilibadilishwa na kesi nyingine, si ya Parks, maana rufaa yake ilikwama katika mahakama za jimbo. Wakili Fred Gray, aliyekuwa na miaka 25, alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho tarehe 1 Februari 1956 kwa niaba ya Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na yule mtoto aliyeachwa nyuma, Claudette Colvin, ambaye alitoa ushahidi bila kutetereka. Majaji wawili kati ya watatu waliamua mwezi Juni kwamba utengano mabasini ulivunja katiba. Mji ukakata rufaa. Tarehe 13 Novemba King alikuwa ameketi mahakamani Montgomery, mji ukiomba zuio dhidi ya yale magari ya kuchangiana, na zuio likatolewa. Ila siku hiyo hiyo habari ikafika kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani imeuthibitisha uamuzi wa Juni. Amri ilichukua zaidi ya mwezi kufika, na kwa majuma hayo ya mwisho, magari yakiwa yamepigwa marufuku, watu walitembea. Tarehe 21 Desemba wakapanda basi na kukaa walipotaka.

Baada ya siku chache mabasi yakaanza kupigwa risasi usiku, na mwanamke mjamzito akajeruhiwa miguuni. Januari makanisa yakalipuliwa. Parks na mumewe, ambao wote walikuwa wamepoteza kazi, walihamia Detroit mwaka huo huo wa 1957.

Umeniuliza pia kama huku kwetu walijua. Walijua. Babu yako alifanya kazi bandarini akiwa na kipande, kile kitambulisho Waafrika walicholazimishwa na wakoloni kubeba, kimetungikwa shingoni katika kikopo cha bati, na alikuwa akisema kwamba kikopo hicho kililia alipokimbia. Tom Mboya, kiongozi wetu wa vyama vya wafanyakazi, alipokuwa Marekani mwaka 1959 akiwatafutia vijana wetu nafasi za vyuo, King alimwandikia kwamba ukoloni na utengano wa rangi havitofautiani kimsingi, na Septemba ile ndege ya wanafunzi 81 ikaondoka Nairobi. Kwa hiyo wewe kusoma Alabama si jambo geni kama baba yako anavyodhani.

Sasa nina ombi. Ukirudi Montgomery, uliza mtaa wa Dericote. Nyumba ya Georgia Gilmore ilikuwa huko, na nimesoma kwamba nayo imewekewa bamba. Usijipige picha wewe. Piga nyumba kwa pande zote, na ukiweza piga upande wa nyuma, nataka kuona mlango wa jikoni ulikuwa unaelekea wapi na moshi ulikuwa unatokea upande gani.

Dada yako anakusalimu na anasubiri umchagulie mtoto jina la pili.

Wako mpenzi,
Mama