Kwa vijana wa bajaji na bodaboda: mkiitwa usiku kumpakia mgonjwa wa kiharusi

Wanangu,

Marahaba wote, hata mnaopita mkipiga honi tu bila salamu.

Nimeshastaafu uuguzi, lakini mtu akianguka usiku mtaani kwetu hugongewa mimi, kisha hupigiwa simu mmoja wenu. Ambulensi tunaisikia kwa wenzetu. Kwa hiyo barua hii ni yenu, si ya madaktari.

Kiharusi kingi ni cha mshipa kuziba. Bonge la damu linakwama kwenye mshipa unaolisha ubongo, na sehemu iliyotegemea damu hiyo inaanza kufa. Wataalamu wamekadiria kuwa kila dakika zinapotea chembe za ubongo milioni 1.9 hivi. Kipo pia cha mshipa kupasuka. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, na mimi siwezi. Ni mpaka CT scan, ile mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa. Basi asitokee jirani akampa mgonjwa aspirini, maana kama mshipa umepasuka atazidi kuvuja.

Kukitambua, mwambieni mgonjwa aonyeshe meno, muone kama mdomo unakwenda upande. Anyanyue mikono yote miwili. Mmoja ukishuka wenyewe, ndiyo hiyo. Ataje jina la mwanawe, msikilize kama ulimi ni mzito. Niliwahi kumkuta mama ameshika kikombe, chai inamwagikia kwenye kanga wala hana habari, na watu wa nyumbani wanamgombeza kwa uzembe. Dalili moja tu ikija ghafla inatosha.

Hapo ndipo maneno yanapoanza: kapigwa na upepo, kachezewa, akandwe kwanza, aitwe fulani amsomee. Sigombani na dua. Isomwe ndani ya bajaji.

Nawaomba muulize swali moja kabla ya kuondoka: mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa saa ngapi? Si saa aliyokutwa chini. Kama ameamka nacho, ni saa aliyokwenda kulala akiwa mzima. Iandikeni kwenye simu, mkifika mumpe daktari. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya masaa 4.5 kuanzia saa hiyo, tena baada ya CT scan. Kwingine kuna wataalamu wanaopitisha mrija kwenye mshipa wa paja hadi kichwani wakalivuta bonge lenyewe, na kwa baadhi ya wagonjwa hilo linawezekana hata hadi masaa 24. Dawa hiyo ni ghali na haipo kila hospitali, najua. Lakini hata pasipo dawa, mgonjwa aliyewahi kupata uangalizi ana nafuu kubwa kuliko aliyeshinda nyumbani. Kwa hiyo msizunguke naye zahanati hadi zahanati. Nendeni moja kwa moja hospitali yenye CT scan, na ndugu wapige simu mbele.

Msimbane katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Upande mmoja hauna nguvu, ataanguka. Alazwe ubavu kwenye bajaji, meno ya bandia yatolewe. Na maji asipewe, wala uji, wala chai ya kumchangamsha: kumeza kunaweza kuwa kumeharibika, kikaingia mapafuni.

Sasa sikilizeni hili. Akipata nafuu njiani, akaanza kusema vizuri na kudai arudishwe nyumbani, msigeuze bajaji. Bonge limejiachia lenyewe safari hii. Kiharusi kikubwa kinaweza kufuata, na hatari yake ni kubwa zaidi siku 2 za mwanzo.

Na nyinyi je? Nawaona kijiweni mkinyunyizia chumvi chipsi kabla hamjaonja. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyokwisha kuwemo kwenye mboga. Sigara ndiyo hiyo inapokezanwa. Presha haina maumivu. Mtu anatembea nayo miaka, na aliyeandikiwa dawa anaiacha kwa sababu "najisikia fresh". Presha imeshuka kwa sababu ya dawa!

Kipimo cha presha ninacho barazani. Jumapili jioni njooni mpime, bure. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi tutarudia siku nyingine, ikigoma kushuka utakwenda kliniki. Msije mmetoka kuvuta wala kunywa kahawa, na kaeni dakika tano kwanza. Mtakavyopokezana zamu kituoni, pangeni wenyewe.

Bibi yenu,
muuguzi mstaafu