Mama anamtilia mdogo wangu dawa kwenye uji na mie najua, sasa anataka kuoa

Asalamu alaikum ndugu zangu, naomba mnisome mpaka mwisho na mnisamehe nikirefusha, hili jambo nimelibeba miezi minne na sina wa kumwambia.

Mie ni nesi huku Pemba, nafanya kazi kituo cha afya upande wa kinamama na watoto. Maradhi ya akili skuli tulisoma kidogo na tukapelekwa wodini wiki chache basi, lakini nyumbani kwetu mtu akiwa nesi ndo daktari wa kila kitu. Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 26. Miaka miwili nyuma alipandisha vibaya tukavuka nae na boti kutoka Mkoani mpaka Unguja, akalazwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, tukaambiwa ana baipola, yale maradhi ya moyo kupanda sana na kushuka sana, na ile hali ya kupanda ndo mania. Akarudi mzima na dawa zake, haloperidol ya kumtuliza, benzhexol ya kuzuia madhara ya hio haloperidol, na carbamazepine ya kumuweka sawa asipande tena. Akazinywa kiasi kisha akaziacha, anasema zinamfanya mzito.

Msimu wa karafuu uliopita ikarudi. Mwanzo tukaona mzuka wa kazi tu, mana karafuu zikiiva nani analala? Lakini yeye akawa halali kweli, saa mbili tatu kwa usiku, saa nane za usiku keshaamka yuko juu ya mkarafuu na tochi. Anaongea bila kituo, hujashika neno hili keshafika la tatu. Pesa ya kuwalipa wachumaji pishi zao akaigawa kwa watoto barabarani, akachukua baskeli tatu kwa mkopo, akatangaza baraza zima kwamba anajenga msikiti na skuli. Ukimkataza anakuwa mkali na yeye si mtu mkali kabisa. Ami yetu akaja na kamba anataka afungwe. Nikasema hafungwi mtu hapa nikiwa hai.

Nikafanya ninayoyajua. Nikamuhamishia chumba cha uwani kisicho na kelele, redio nikazima, wageni wanaokuja "kumuangalia" nikawarudisha mlangoni (walinuna, wanune). Nikawaambia nyumbani aongee nae mtu mmoja mmoja, maneno machache, msibishane nae habari ya msikiti, na akikatazwa jambo na mmoja asiruhusiwe na mwengine. Kukaa chini kula hawezi, kwa hio nikawa nampa vya kushika mkononi anakula huku anatembea, ndizi, mihogo ya kukaanga, chapati, na maji kila nikipita mana mtu wa hali ile hasikii njaa wala kiu anakuja kuanguka tu. Pesa na simu yake tukazitunza. Ilisaidia lakini bila dawa haikutosha, na dawa akiiona anaitema na hospitali hataki kusikia.

Ndo mama akaniita jikoni. Ameshika kile kipakti cha haloperidol zilizobaki, anasema nitampondea kwenye uji, we nambie ngapi tu. Nikamwambia. Hilo ndo kosa langu na sijifichi, nilimwambia. Benzhexol zilikuwa zimekwisha na nikajua zimekwisha, nikasema siku mbili tatu hazina neno nitatafuta.

Siku ya tatu jioni shingo ikamgeuka upande ikakaza, macho yamepinduka juu, ulimi mzito hawezi kuongea, anatoka jasho na ananitazama mie. Nyumba nzima ikasema jini huyo anamkaba, shekhe akaitwa. Mie peke yangu na mama tunajua si jini, ni ile haloperidol, inakaza misuli hasa kwa vijana wa kiume siku za mwanzo, na ile benzhexol ndo ya kuizuia. Sikuweza kusema mana hakuna anaejua kama anakula dawa. Nikalia tu nikasema apelekwe hospitali, tukaenda na gari shekhe anasoma njia nzima. Nikamnong'oneza daktari, akapigwa sindano, nusu saa haijafika shingo ikafunguka. Nje wakasema Alhamdulillah katoka. Na yeye mwenyewe akaamini mpaka leo kwamba jini lilimtoka siku ile, kisomo nakiheshimu na mie mwenyewe namsomea, lakini shingo ilifunguliwa na sindano.

Daktari alisema aanze tena dawa zote na aelezwe. Zimeanza, kuelezwa hakuelezwa. Mama anaponda kila asubuhi, ametulia, analala, anavua na wenzake, kila mtu anamsifu. Dawa nachukua mie kwa jina lake na wameanza kuniuliza mgonjwa mwenyewe yuko wapi, wana haki, lazima aonwe na apimwe.

Kinachonikata maini ni hiki. Mwezi uliopita alinijia anashindwa kutia uzi kwenye ndoana, mikono inamtetemeka, akaniuliza "Dada, mie nina nini?" Nikamjibu uchovu. Akaenda mwenyewe kupima sukari, akarudi na kikaratasi anifurahishe kwamba sukari iko sawa. Mie kazini nawaambia kinamama kila siku, una haki ya kujua unachomezeshwa, halafu nyumbani namdanganya ndugu yangu usoni.

Na sasa mambo mawili yananikimbiza. Ramadhani inakuja, asubuhi hakuna uji. Mama anasema atatia kwenye futari, lakini sie tunakula sinia moja, watoto wa dada wamo humo, hilo nimelikataa na silirudii. La pili, amepeleka posa na imekubaliwa, ndoa baada ya Iddi. Huyo binti ndo atakaempikia. Mama anataka nimfunze kimya kimya namna ya kuponda. Yani tumuingize mtoto wa watu kwenye siri hii siku ya fungate! Na kwao hawajui chochote kuhusu Kidongo Chekundu.

Kukata dawa ghafla kabla ya harusi naogopa, harusi ina usiku mrefu na kelele na kukosa usingizi, na kukosa usingizi kwake ndo mlango wa kupanda. Nikimwambia ukweli naogopa azitupe siku ile ile na asile tena chakula cha mama maisha yake. Mama kasema nikifungua mdomo nimemuua yeye, na najua anavosema hivo ni mapenzi na hofu, ndie alielala chini mlangoni kwake zile siku zote.

Mimi moyo wangu unataka aambiwe kabla ya Ramadhani. Sijui aambiwe na nani. Mie peke yangu tukiwa wawili? Daktari nikiwepo? Au nianze kwa yule shekhe, anamsikiliza sana, akimwambia kisomo na dawa havigombani huenda akamuelewa kuliko mie? Na la binti, wazazi wake waambiwe na sisi au tumuachie yeye mwenyewe aseme akishajua?

Nawaomba hasa nyie mliowahi kuumwa maradhi haya wenyewe, mnijibu bila kunionea haya. Kama ingekuwa nyie mmetiliwa kwenye uji miezi minne na mama na dada, ungetaka uambiwe vipi, na nini kingekufanya ukinywe kile kidonge kesho yake kwa mkono wako?

Dada mtu, Pemba