Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na kwa ninavyomfahamu hatawaachia swali. Mimi nitazungumzia jambo lililotushughulisha karibu mwaka mzima: taarifa za miamala shuku tunazopeleka kwenye vitengo vya intelijensia ya fedha, yaani ofisi za kitaifa zinazochambua fedha zinazoshukiwa kutokana na uhalifu, na yanayozipata zikishafika huko.

Sisi wa madawati ya uzingatiaji, tunaohakikisha benki inafuata sheria, tumezoea kuzituma kama anayetupa jiwe kisimani. Kwenye semina yetu ya pili, mgeni wetu, mpelelezi mstaafu wa makosa ya fedha, alituonyesha taarifa mbili za mteja mmoja, majina yakiwa yamefutwa. Benki ya kwanza iliandika: "Muamala si wa kawaida kwa mteja." Basi. Ya pili ilieleza kwamba mteja alijitambulisha kuwa fundi cherehani. Kwamba fedha taslimu ziliingia mara sita ndani ya siku tatu, kila mara pungufu kidogo ya kiwango kinacholazimu kuripotiwa. Na kwamba aliyeziweka mara ya nne aliacha namba ya simu iliyokuwa pia kwenye akaunti ya kampuni ya usafirishaji. Namba hiyo, alisema mgeni wetu, ndiyo iliyofungua kesi. Ni vichwa vingapi viliinama pale sikuhesabu, kwa sababu changu kilikuwa kimojawapo.

Askari huanza na kosa, kisha akazitafuta fedha. Kitengo mara nyingi huanza na fedha ambazo kosa lake halijajulikana. Pendekezo la 29 la FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya kupambana na utakatishaji wa fedha, linakipa kazi tatu: kupokea taarifa, kuzichambua na kuwapa wanaohusika matokeo ya uchambuzi. Uchambuzi ndio wenye kazi. Namba ya simu kutoka benki moja inakutanishwa na daftari la usajili wa kampuni, fomu za fedha taslimu zilizotangazwa mpakani, hati za ardhi na kumbukumbu za kodi, mpaka fundi cherehani aonekane yuko nyuma ya nyumba asizoweza kuzinunua kwa sindano.

Fedha zikivuka mpaka, ombi rasmi la msaada wa kisheria linaweza kuzunguka kati ya wizara na wizara kwa miezi. Vitengo vina njia ya mkato: Kundi la Egmont, umoja wa vitengo hivi duniani, lililoanzishwa Brussels mwaka 1995 na sasa lina wanachama zaidi ya 170, lina mtandao salama ambao kitengo kimoja hukiuliza kingine moja kwa moja. Kinachopatikana humo humwelekeza mpelelezi pa kuchimba, lakini kwa kawaida si ushahidi. Nyaraka za benki zitakazosimama mahakamani atazifuata kwa amri ya mahakama. Utaratibu huo hutulinda na sisi pia, maana taarifa yako haikusudiwi kuwa kielelezo kitakachosomwa mbele ya mshtakiwa.

Ulinzi huo tunauvunja wenyewe. Mwaka huu tumesikia habari ya mhudumu wa dirishani aliyemwambia mteja, kwa upole kabisa, "faili lako limepelekwa juu." Kufika jioni akaunti ilikuwa tupu. Nchi nyingi zinakiruhusu kitengo kusimamisha muamala kwa muda mfupi, ila hakuna wa kusimamisha kilichokwisha ondoka. Mafunzo yasiishie kwa maofisa. Dirishani ndiko yanakohitajika zaidi.

Nasi tuna malalamiko. Mrejesho ni haba, na kwa kuogopa faini baadhi ya benki zinamimina taarifa za kila kitu, hata mshahara uliochelewa, kisha tunashangaa wachambuzi wakizidiwa. Kamati tendaji imeandika rasimu ya barua kuomba mrejesho wa jumla kuhusu taarifa zipi zilifaa na kwa nini, bila kugusa kesi yoyote. Rasimu iko kwa katibu. Mwenye marekebisho ampe kabla ya kipengele cha uchaguzi, maana baada ya hapo huenda mwenye kalamu asiwe mimi.